Bahari ya Lita Sitini

Jumamosi, 7 Juni

Jana nilisema uongo mdogo ofisini. Leo umeshakuwa mkubwa.

Ilikuwa hivi. Mkuu wetu wa masjala anastaafu mwisho wa Julai, na kiti chake kina watu wawili wanaokikodolea macho. Wa kwanza ni mimi, miaka kumi na tisa katikati ya majalada. Wa pili ni mwenzangu tunayemwita Rula, kwa sababu hapigi mstari bila rula, hata chini ya saini yake. Ubaya zaidi, Rula ni jirani yangu. Sebule yake na yangu zimetenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba.

Jana Mkurugenzi alituita kutuaga, anakwenda likizo ya wiki nne. Ukutani kwake kuna picha ya mwamba wa matumbawe, na yeye mwenyewe yuko katikati ya samaki, mtungi wa hewa mgongoni. Rula akaisifu fremu. Nikaona nafasi imejileta. Nikasema matumbawe ndiyo maisha yangu. Nikasema kwa kweli ninayo nyumbani. Tangi zima la maji ya chumvi, sebuleni.

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. Kwa miaka sita sijamwona akiweka kalamu chini kwa ajili yangu. Akasema akirudi angependa kuyaona. Akafungua kalenda. Jumamosi, tarehe 12 Julai, saa kumi jioni. Kisha akamwambia Rula kwamba, kwa kuwa sisi ni majirani, basi na yeye aje, tunywe chai pamoja.

Rula alisema atafurahi. Hakusema kwamba ameingia sebuleni kwangu mara nyingi, na kitu pekee chenye chumvi alichokiona humo ni kichupa cha mezani. Aliandika tarehe kwenye daftari lake. Akaipigia mstari.

Nina wiki tano. Nyingi kupita kiasi.

Mke wangu ni mfamasia, hupima kila kitu kwa tone. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema siku zote anajua nina tabia ya kutia chumvi, ila safari hii nitaitia kwelikweli.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda kwa muuza samaki wa mapambo. Mtu mwembamba, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni, anahoji utadhani nimekuja kuposa binti yake. Niliwahi kufuga nini? Nikasema mbwa, utotoni. Yuko wapi? Nikasema alihamia kwa majirani. Akaandika kitu.

Hata hivyo nimerudi na vyote. Tangi la kioo la lita sitini. Pampu. Hita. Taa. Ndoo ya chumvi maalumu ya bahari, maana ile ya jikoni alinikataza hata kuitaja. Vichupa vya dawa za kupimia maji. Na sanduku la mawe yaliyofungwa kwa magazeti yenye maji, yananuka bahari.

Anasema mawe hayo ni hai. Ndani ya matundu yake mna vijidudu visivyoonekana, maelfu kwa maelfu, na hivyo ndivyo vitakavyokula uchafu wa majini. Bila hivyo samaki hufa kwa uchafu wake mwenyewe. Vijidudu huzaliana taratibu. Nikauliza lini nitaweka samaki. Akasema baada ya wiki tano, labda sita. Nikauliza kama wiki mbili haziwezekani. Akaanza kurudisha mawe yangu nyuma ya kaunta.

Nikasema wiki tano ni sawa kabisa.

Mama mkwe yuko nasi tangu mumewe afariki, mwezi wa pili. Anakula kidogo na kusema kidogo zaidi. Siku nzima yuko chumbani, pazia limefungwa. Mke wangu humbembeleza, mimi humsalimia kwa heshima zote, lakini hatoki. Leo kishindo cha tangi kilimtoa. Alisimama mlangoni akauliza hilo ni kabati gani. Nikamwambia, Mama, hii ni bahari. Akalitazama tangi tupu. Akavuta kiti.

Jumatatu, 9 Juni

Nimechanganya maji. Kazi nzuri, chumvi inayeyuka kama moshi unaorudi nyuma. Nilijaza tangi mpaka ukingoni, likapendeza. Kisha nikaweka mawe.

Sikufikiria kwamba mawe yanahitaji nafasi.

Zulia limeanikwa uani. Mke wangu aliuliza kwa upole kama shuleni nilikuwepo siku ile ya somo la kunguru aliyetia mawe gudulini ili maji yapande. Halafu akafungua daftari jipya, akaandika juu yake MAJI, na kuanzia leo vipimo vyote ni vyake. Sijapinga. Kiongozi mzuri hugawa kazi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku tano, na hakuna kitu. Maji yamesafika, mawe yamekaa, pampu inanguruma. Kipimo cha mke wangu kimegeuka kijani, anasema ni sumu inayotokana na vitu vilivyokufa kwenye mawe, na ni lazima ipande kabla ya kushuka. Kwa hiyo nina tangi la mawe na sumu, na zimebaki wiki nne.

Asubuhi nilibandika pua kwenye kioo nione ninachosubiri. Kwanza sikuona chochote. Kisha nikaona nukta nyeupe zikikimbia juu ya kioo, ndogo kuliko punje ya sukari, na kila nukta ina haraka zake. Kisha, kwenye ufa wa jiwe, ufagio mdogo wa manyoya mekundu ukafunguka. Nikasogeza kichwa. Ukafyatuka ndani. Nikatulia. Ukatoka tena, ukiwa na wasiwasi. Ni mnyoo, ananasa chakula kwa hilo fagio lake. Nani kampa akili hiyo? Amekuja na jiwe, hakuna aliyemwagiza.

Nilisimama hapo hadi chai ikapoa. Nilipogeuka, Mama alikuwa kwenye kiti chake nyuma yangu. Akasema wapo wanne, wa nne yuko kwa nyuma.

Jambo jingine. Wakati wa chai kulikuwa na mlio ukutani. *Ko.* Mmoja tu, mkavu. Upande wa Rula.

Jumanne, 17 Juni

*Ko* alfajiri. *Ko, ko* wakati wa kifungua kinywa. Nimetega sikio ukutani kwa bilauri. Rula anajenga kitu.

Sihitaji kuambiwa. Anajenga tangi. Kubwa kuliko langu. Mkurugenzi atakunywa chai kwangu, kisha Rula atasema kwa sauti yake ya upole, karibu pia upande wetu.

Nimekwenda kuazima ngazi ili nione. Alinifungulia mlango kidogo. Nyuma yake, kwenye ukuta wetu, kitu kikubwa kimesimamishwa na kufunikwa shuka. Urefu wa mtu. Nikauliza ni nini. Akasema si kitu. Akaniletea ngazi mwenyewe, ili nisipite ndani.

Tangi lenye urefu wa mtu.

Jumamosi, 21 Juni

Wiki ya pili inaisha na sina samaki hata mmoja. Niliamua kutumia akili.

Nilivaa kofia, miwani ya mke wangu ya kusomea na koti la mvua, nikaenda kwa muuza samaki nikiwa mtu mwingine. Nikabana pua nikasema nina tangi la miaka mitatu, limekomaa kabisa, nataka samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari mieupe. Alinisikiliza kwa adabu. Aliuliza maji yangu yana kipimo gani. Nikasema kizuri. Akaniuliza kama zulia limekauka.

Mke wangu alikuwa amempigia simu wiki nzima kuulizia vipimo. Wanaelewana sana hao wawili.

Wakati wa kurudi nilijikwaa mara mbili kwa sababu ya ile miwani.

Jumapili, 22 Juni

Nimegombezwa. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kukauka, nami kila siku nimekuwa nikijazia maji ya chumvi, kwa bidii. Leo kipimo cha chumvi kimepanda mpaka mke wangu akakipima mara tatu.

Alinipeleka jikoni. Akachemsha maji ya chumvi kwenye sufuria ndogo mpaka yakaisha. Chini pakabaki ukoko mweupe. Akaniambia, mume wangu, onja. Nikaonja. Akasema maji huondoka, chumvi haiondoki. Kinachojaziwa ni maji matupu.

Nilikaa nikiutazama ule ukoko kwa muda. Miaka arobaini na sita nimeishi duniani nikidhani chumvi huenda na maji yake. Nikauliza, je, bahari yenyewe? Akasema nayo ni hivyohivyo, mvua haina chumvi. Nikauliza basi chumvi yote ile ilitoka wapi kwanza. Akasema kwenye mawe, mito huisomba. Tukazungumza mpaka chakula kikaungua kidogo.

Jumatano, 25 Juni

Vumbi la kahawia limefunika kila kitu. Nilidhani tangi limekufa. Muuza samaki anasema ni dalili nzuri, akaniruhusu konokono watano wa baharini wa kulilamba. Ameniandikia majina yao ya kitaalamu kwenye karatasi, kana kwamba watajaza fomu.

Konokono wanapendeza. Mdomo wa konokono ukiwa kwenye kioo unauona kwa ndani, unafunguka na kujifunga, unaacha njia nyeupe kama mtu anayefyeka majani. Mama amewafuata kwa macho tangu mchana. Amekula chakula chake chote akiwatazama, wala hakujua kwamba amekula.

Ijumaa, 27 Juni

Konokono watatu wameuawa.

Si kufa. Wameuawa. Magamba yamevunjwa vipande, ndani mtupu. Nimewatandaza kwenye gazeti. Hakuna samaki mle ndani, hakuna chochote chenye meno. Jana Rula alikuja kuchukua ngazi yake, akasimama karibu na tangi kama dakika mbili, mikono nyuma. Nyuma! Nani alijua imeshika nini?

Tena alikuwa na uso wa kunilalamikia. Alisema, kwa adabu zake zote, kwamba kuna mtu anagonga ukuta saa kumi na mbili asubuhi, na anaomba mtu huyo ahurumie usingizi wa wengine. Nilistaajabu. Anagonga yeye, kisha anakuja kunishtaki mimi. Nikamwambia hata mimi ninamwomba mtu huyo. Tukaagana kwa baridi.

Jumapili, 29 Juni

Leo Mama aliniita pembeni. Akasema kwenye jiwe la kushoto, tundu la tatu, kuna mmoja anayemtazama.

Nikauliza mmoja nani. Akasema hamjui, ila kila asubuhi akikaa, yule naye hutoka kidogo kumtazama. Akasema anamtazama vizuri, bila haraka, kama mtu aliyekuwa akimngojea.

Nilichungulia tundu la tatu. Giza tupu. Nikasema ndiyo, Mama.

Nilimweleza mke wangu jikoni. Aliacha kisu juu ya ubao, akakaa. Alisema mama yake amekuwa peke yake mno, na kosa ni letu, tunakwenda kazini tukimwacha na ukuta na mawe. Nilimshika bega. Kwa jioni nzima sikumfikiria Mkurugenzi.

Jumanne, 1 Julai

Ninaandika haraka, nisisahau hata kitu kimoja.

Mke wangu alichelewa kwenda kazini makusudi, na mimi nikaomba ruhusa. Asubuhi tulikaa sote watatu mbele ya tangi, Mama katikati. Alituambia tusisogee na tusiseme. Tukakaa. Mguu wangu ukafa ganzi. Nilikuwa nimeshakata tamaa, ninatunga maneno ya kumwambia kwa upole.

"Huyo," Mama akasema.

Kwenye tundu la tatu yalitokea macho mawili. Yako juu ya vijiti, kama vijiti vya kiberiti, na kila jicho linageuka lenyewe. La kulia lilimtazama Mama. La kushoto likanitazama mimi. Kisha uso ukafuata, wa kijani, na nyuma yake mwili kama wa kamba, wenye rangi ambazo sina majina yake.

"Mama," mke wangu akasema polepole, "tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Niliwaambia."

Konokono wa nne alikuwa akipita chini ya tundu. Yule mnyama akatoka, akamgusa kwa visharubu, kama daktari. Akakunja mikono yake kifuani. Sikuona alichofanya, hakuna jicho linaloweza kukiona. Nilisikia tu.

*Ko.*

Gamba likapasuka. Na upande wa pili wa ukuta, Rula akagonga mara tatu kwa hasira.

Mama alicheka. Ni kicheko kidogo, kimetoka puani. Mke wangu akainama akajifanya anafunga kiatu, naye alikuwa peku.

Jumatano, 2 Julai

Muuza samaki alipouona mchoro wangu alikaa chini. Anasema huyo alikuja akiwa amejificha ndani ya jiwe. Yeye humwita kamba bondia. Ana marungu mawili kifuani, na ngumi yake ni ya haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Akikua anaweza kupasua hata kioo. Kila konokono, kaa au samaki nitakayemweka atakuwa chakula. Ushauri wake ni nimtoe na nimletee yeye.

Nikauliza kama anaweza kuishi na samaki wawili kwa siku moja tu, ya Jumamosi. Akanirudishia mchoro wangu.

Nyumbani nikamweleza Mama kwamba Bondia lazima aondoke. Alisema sawa, mwanangu, nyumba ni yako. Akaingia chumbani akafunga pazia.

Jumamosi, 5 Julai

Mitego yangu ya siku tatu. Wa kwanza, chupa iliyokatwa na kipande cha dagaa ndani. Bondia alikula dagaa, akatoka. Wa pili, uzi na sindano. Alichukua sindano. Wa tatu, mkono wangu.

Kidole kimefungwa bandeji. Mke wangu aliosha jeraha akasema kwamba Bondia angeweza kuendelea lakini alionyesha busara.

Kisha yeye mwenyewe akajaza beseni maji ya chumvi, akainua lile jiwe lote na Bondia ndani yake, akaliweka mle. Dakika moja. Hakulowa hata mkono wa gauni. Nikasema nilikuwa karibu kufikia wazo hilo.

Tulishika njia ya dukani? Hapana. Mke wangu alilipeleka beseni moja kwa moja chumbani kwa mama yake. Kesho anamnunulia Bondia sanduku la plastiki nene lenye pampu ndogo. Niliwaachia. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba tarehe 12 mlango wa chumba utafungwa na mtu asimtaje. Mkurugenzi anakuja kuona uzuri. Hawezi kuonyeshwa muuaji kwenye sanduku la plastiki.

Jumatano, 9 Julai

Sumu imesoma sifuri siku nne mfululizo. Mke wangu alibeba daftari dukani. Muuza samaki alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema angetamani kila mteja awe hivi, na akatupatia samaki wawili bila swali hata moja. Pia matumbawe mawili laini. Moja kama uyoga, jingine kama mkono unaopunga.

Niliwasha taa. Uyoga ulinywea kwa saa nzima, nikadhani nimeua tena. Halafu taratibu ukajaa maji, ukafunguka, ukaonyesha mistari ya zambarau. Samaki wamechagua kona yao, wanalala ubavu kwa ubavu.

Ni kweli. Nina matumbawe sebuleni. Sasa si uongo tena, ni jambo nililolisema mapema.

Jumamosi, 12 Julai

Mkurugenzi alifika saa kumi kamili, Rula nyuma yake na pakiti ya biskuti iliyofungwa kwa pembe nne sawa.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko nilivyoomba. Mkurugenzi aliinama mbele ya tangi, akaona fagio jekundu kabla hajaona samaki, akasema hiki ndicho anachokipenda. Akauliza ninalo kwa muda gani. Nikasema, mh, muda. Rula akanywa chai.

*Ko.*

Mkurugenzi akauliza mlio huo ni wa nini. Ulimi wangu ukatangulia kabla yangu. Nikasema ni jirani, ana tabia ya kugonga ukuta, tumeshamzoea. Wote wakamtazama Rula, ambaye alikuwa kwenye kochi langu, kikombe mkononi.

*Ko, ko.*

Rula akaweka kikombe. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba kwa wiki nne hajalala baada ya saa kumi na mbili asubuhi, kwamba amesimamisha godoro lake la wageni ukutani na kulifunika shuka ili kupunguza kelele, na kwamba angeshukuru sana kujua ni nini.

Godoro.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Akamwambia Mkurugenzi, "Mgeni, kama unapenda viumbe, njoo nikuonyeshe rafiki yangu."

Mkurugenzi alipiga magoti sakafuni mbele ya lile sanduku, bila kuijali sketi yake. Alisema amepiga mbizi miaka kumi na mmoja na hajawahi kumwona kwa karibu hivi. Mama akaketi kitandani akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi yule anavyosafisha macho yake, jinsi anavyoziba mlango kwa kijiwe akitaka kulala. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, hata kabla ya msiba. Rula naye akapiga magoti. Mke wangu alisimama mlangoni na sinia mikononi, na machozi yanamtiririka wala hayafuti.

Tatizo ni kwamba Mama alisimulia tangu mwanzo. Siku tangi lilipoletwa. Zulia. Kofia na miwani. Sindano. Alisimulia kwa upendo, ananisifia bidii. Mkurugenzi alikuwa akihesabu wiki kwa vidole.

Alinigeukia. "Kwa hiyo siku ile ofisini hukuwa na kitu?"

"Nilikuwa na nia," nikasema.

Aliangalia bandeji yangu. Akainama tena kwenye sanduku, mabega yakimtikisika.

Waliondoka magharibi. Nadhani mambo yamekwenda vizuri.

Jumatatu, 14 Julai

Rula ndiye mkuu wa masjala.

Mkurugenzi aliniambia mwenyewe, mlango umefungwa. Alisema masjala inataka mtu anayeweka kitu mahali pake na kukiacha hapo, na mimi si mtu huyo. Alisema pia kwamba kila wiki watu humdanganya, lakini hajawahi kuona mtu aliyefanya kazi wiki tano ili uongo wake uwe kweli. Sikujua kama niseme asante. Nikasema asante. Akauliza kama Mama ataruhusu aje tena mwezi ujao, na vipi kuhusu lile daftari, je, mke wangu anaweza kumwazima.

Niliinama mezani kwangu mpaka saa sita. Inauma, sitaficha. Miaka kumi na tisa. Rula alikuja akasimama kando ya meza yangu, akaniwekea biskuti mbili juu ya jalada. Zimenyooka sambamba.

Nimezila.

Jumapili, 20 Julai

Nyumba imebadilika. Mama amefungua pazia, anasema Bondia anahitaji kujua mchana na usiku. Jana alikwenda na mke wangu kwa muuza samaki kumchagulia konokono wa kula. Yule mtu amemwekea kiti na hamhoji chochote. Uyoga umeota mtoto kando yake, mdogo kama shilingi. Nimemtazama asubuhi yote. Sielewi kitu kisicho na macho kimejuaje upande wenye mwanga.

Mimi nimekaa nikatafakari yaliyonipata, kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilifikiria cheo mno. Kuanzia sasa nitafanya mambo kwa ajili ya wengine tu.

Kwa hiyo nimemtafutia Bondia mwenzake.

Mama amepata furaha, na mnyama wake yuko peke yake kwenye sanduku. Haiwezekani hilo lisimuumize. Muuza samaki aliwahi kusema kwamba hawa hawakai wawili kamwe. Lakini ndiye huyohuyo aliyesema wiki tano, na mimi niliweka samaki baada ya wiki nne na siku mbili, na wako hai. Wataalamu hupenda kuzidisha. Nimepata duka jingine, upande wa pili wa mji, ambako hawaulizi maswali. Huyu mpya ni mkubwa kuliko Bondia, karibu mara mbili, kwa hiyo atakuwa mtulivu. Yuko kwenye ndoo chini ya meza ya jikoni. Kesho asubuhi na mapema, kabla Mama hajaamka, nitamwingiza sandukuni, iwe zawadi.

Nilikutana na Rula mlangoni. Aliniuliza, sasa kwa sauti ya mkuu, kama kuna matumaini yoyote kuhusu ile kelele ya asubuhi.

Nikamwambia aondoe godoro ukutani. Kilichokuwa kikimsumbua yule mnyama ni upweke tu.